Mashine ya umeme ya kuleta machozi: je, itasaidia macho yangu makavu?

*Swali: Daktari, mimi ni fundi wa cherehani mjini Nakuru, nina miaka 48. Tangu mwaka jana macho yananichoma na nahisi kama yana mchanga, hasa jioni nikiwa nimeshinda nikishona sare za shule. Nikipanda boda, upepo ukinipiga, machozi yananitiririka mpaka mashavuni, lakini nikirudi kwenye cherehani macho yanakauka tena. Kwenye duka la dawa waliniambia nina macho makavu. Mwanangu aliye Marekani amesoma kuhusu kifaa kinachoingizwa puani, kinachochea neva kwa umeme na machozi yanatoka, naye yuko tayari kuninunulia. Pia kuna mtu anauza mtandaoni mashine ya "kuamsha neva za macho" kwa shilingi 4,500. Na ile mashine ya TENS, ya kutuliza maumivu kwa umeme, ninayowekewa mgongoni na mtaalamu wa viungo, siwezi kubandika vile vibandiko kando ya macho? Kwa sasa natumia matone ya kuondoa wekundu, na Piriton kila usiku kwa sababu ya pua.*

Dada yangu, acha nianze na lile lisiloweza kungoja. Vibandiko vya TENS usiviweke kando ya macho, hata kwa nguvu ya chini kabisa. Mashine hiyo imekusudiwa misuli ya mgongo, bega na goti, na walioitengeneza wenyewe huonya isiwekwe juu ya macho, isiwekwe mbele ya shingo, wala mkondo wake usipitishwe kichwani. Kando ya jicho ngozi ni nyembamba, na chini yake kuna neva za uso na misuli midogo inayofunga kope. Hakuna kipimo salama kilichowekwa cha kutumia mashine ile mahali pale, kwa hiyo atakayekuambia "weka namba mbili tu" anabahatisha na macho yako. Mtaalamu wa viungo aendelee kukutunza mgongo.

Sasa tuje kwa mwanao, kwa sababu alichosoma si uongo, na napenda kijana anayehangaikia macho ya mama yake.

Kifaa anachokizungumzia kiliitwa TrueTear. Kilibuniwa na kampuni ya Oculeve, iliyochipuka kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, na Allergan ikaja kuinunua mwaka 2015. Wazo la kwanza lilikuwa kupandikiza kifaa ndani ya tundu la jicho, karibu na tezi ya machozi. Baadaye wabunifu wakaona kwamba pua ni njia fupi isiyohitaji kisu. Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu kiuzwe.

Kwa nini pua? Ukinusa pilipili, au ukipiga chafya, macho hulengwalengwa na machozi ingawa hakuna kilichoyagusa. Ndani ya pua, sehemu ya juu kwa mbele, kuna tawi dogo linaloitwa neva ya etimoidi ya mbele. Hilo ni tawi la neva ya trijemina, inayobeba hisia za uso wote. Tawi hilo likiguswa, habari hupanda hadi kwenye shina la ubongo, kisha amri hurudi kwa njia nyingine, kupitia neva ya uso, mpaka kwenye tezi ya machozi iliyojificha juu ya jicho upande wa nje. Tezi inamwaga maji. Jambo hili linatokea hata sasa unaposoma, polepole, kwa sababu hewa unayovuta inaligusa tawi hilo bila wewe kutambua. Miaka ya 1990 watafiti walitia watu ganzi ndani ya pua na kupima machozi yao. Yalipungua kwa takriban theluthi moja. Kwa hiyo jicho linategemea pua zaidi ya tunavyodhani.

TrueTear ilikuwa na ncha mbili laini za haidrojeli, zinazoingizwa puani kila upande. Mgonjwa anawasha, anaongeza nguvu kidogo kidogo hadi ahisi mtekenyo, kama chafya inayokaribia, na machozi yanakuja. Ncha hizo zilikuwa za kutupa, mpya kila siku. Katika utafiti mmoja wa watu 48, karatasi ya kupimia machozi ililowa wastani wa milimita 25 mashine ilipotumiwa ndani ya pua. Ilipowekwa nje ya pua, au ndani bila kutoa umeme, karatasi ililowa milimita 9 hivi tu. Utafiti mwingine uliwafuata watu 97 kwa siku 180, na hata mwishoni neva zao zilikuwa bado zinaitikia. Madhara yaliyoonekana yalikuwa zaidi ya pua: maumivu au usumbufu ndani yake, kutokwa damu kidogo, chafya, kichwa kuuma. Haikuruhusiwa kwa mtu mwenye betri ya moyo au chuma kilichopandikizwa kichwani au shingoni, wala kwa mtu anayetokwa damu puani mara kwa mara.

Lakini soma ruhusa yenyewe ya FDA: iliruhusiwa kuongeza machozi kwa muda, wakati neva inapochochewa. Haikuruhusiwa kama tiba ya kumaliza ugonjwa. Na mwaka 2020 kampuni ikaacha kuiuza. Mwanao akiipata leo mtandaoni, atakuwa amepata mabaki, au kitu kilichokwisha kuingia katika pua ya mtu mwingine, tena bila uhakika wa kupata ncha mpya. Mwambie asitume pesa.

Hata kama kingekuwa kinauzwa hapo Kenyatta Avenue, bado nisingekuandikia, na sababu umeisema wewe mwenyewe. Upepo wa boda ukikupiga, machozi yanatiririka hadi mashavuni. Hayo ndiyo machozi yaleyale ambayo kifaa kingekutolea. Upepo unagusa konea, kioo cha mbele cha jicho, iliyokauka, neva inatoa taarifa, tezi inamwaga maji. Maana yake neva yako iko hai na tezi yako ina maji ya kutosha kumwagika. Kazi ambayo mashine ingefanya, upepo unakufanyia tayari, na jioni macho bado yanakuchoma.

Hapa kwetu Kisumu naliona jambo hili kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu, kule mtaa wa Obunga. Wanashinda kwenye moshi, machozi hayakatiki kutwa nzima, na bado ninapowapima macho yao ni makavu, mekundu, yamechoka. Kama machozi ya kuchochewa peke yake yangekuwa dawa, wao ndio wangekuwa na macho yenye afya kuliko sisi sote.

Machozi si maji matupu. Kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, kuna maji, na juu kabisa kuna utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasiruke hewani. Mafuta hayo yanatoka kwenye tezi za meibomi, zilizopangwa ndani ya kope, ukope wa juu zikiwa 30 na kitu na wa chini kama 25. Zikiziba, maji yanaweza kujaa jichoni na kukauka ndani ya sekunde chache. Kisha neva inaomba mengine, yanakuja mengi mno kwa wakati mmoja, yanafurika, yanapotea, na jicho linabaki kavu. Ndiyo maana mtu analia na bado ana macho makavu. Kati ya wagonjwa wa macho makavu, upungufu huu wa mafuta ndio unaoonekana zaidi, uwe peke yake au pamoja na upungufu wa maji.

Ukikaa mbele ya darubini yangu ya macho, kwanza nitaweka kidole kwenye ukope wako wa chini na kubonyeza taratibu, huku nikitazama ukingo, nyuma kidogo ya nywele za kope. Pale ndipo midomo ya tezi hizo ilipo, imejipanga mstari mmoja. Kwa mtu mwenye afya vitone vya mafuta maangavu vinachomoza na kutandaa mara moja. Kwa mtu anayekodolea sindano kutwa, mara nyingi hakitoki kitu. Nikiongeza nguvu kidogo ndipo kinasukumwa uzi mzito mweupe, kama dawa ya meno ikitoka kwenye tyubu. Nikiona hivyo sihitaji kuuliza maswali mengi.

Baada ya hapo naweka tone la rangi ya manjano, fluresini, nakuomba ukodoe macho bila kupepesa, nami nahesabu. Utando ukipasuka kabla ya sekunde 10, machozi yako hayakai. Kisha ndipo inakuja karatasi ya Schirmer: ukanda mwembamba unaokunjwa ncha na kuningʼinizwa ndani ya ukope wa chini, kuelekea upande wa nje, kwa dakika 5. Inasumbua kidogo lakini haiumizi. Ikilowa milimita 5 au chini ya hapo, maji yenyewe ni haba. Ikilowa zaidi ya 10, tatizo tutalitafuta kwingine. Vipimo hivi havihitaji mtambo wa mamilioni. Idara ya macho ya hospitali ya rufaa ya kaunti hapo Nakuru ianze kukuona. Na ukiwa na ndugu huku magharibi, Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga, imezoea wagonjwa wa kila aina.

Ninavyodhani, kabla ya kupimwa, kazi yako ndiyo inayoziba tezi zako. Mtu aliyetulia hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikazia macho mshono, idadi hiyo inashuka sana, na hata anapopepesa, ukope wa juu haufiki chini. Kila upepesaji kamili ndio unaokamua mafuta kutoka kwenye tezi. Usipokamilika, mafuta yanaganda yalipo. Ongeza kwamba msimu wa sare ni Desemba na Januari, wakati uleule ambapo Nakuru kunakauka, upepo unavuma na vumbi linapanda. Na ukiwa na miaka 48, homoni nazo zinabadilika, na tezi hizi huzisikiliza homoni. Mambo yote hayo yanakukuta kwa wakati mmoja.

Anza hivi leo, hata kabla ya kupimwa. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kikamue, kiweke juu ya macho uliyoyafumba. Kitambaa hupoa haraka, ndani ya dakika mbili tatu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanakiacha palepale kikiwa baridi na kusema wamejikanda. Kichovye tena na tena mpaka zitimie dakika 10. Mara tu baada ya hapo, macho yakiwa yamefumbwa, pitisha kidole kwenye ukope wa juu kushuka kuelekea kwenye nywele, na wa chini kupanda kuelekea kwenye nywele, polepole, bila kuikandamiza mboni. Asubuhi na jioni. Usitegemee nafuu kwa siku tatu. Zipe tezi wiki nne hadi sita.

Kwenye cherehani, kila unapokata uzi, fumba macho kabisa, hesabu moja mbili, fumbua. Nimechagua kukata uzi kwa sababu unafanya hivyo kila mara na hutahitaji kukumbushwa na saa. Kama feni inakupulizia usoni, igeuze. Ukipanda boda, vaa miwani inayofunika pembeni, hata ile ya bei nafuu ya mafundi.

Matone ya kuondoa wekundu, yaache. Yanabana mishipa ya damu ili jicho lionekane jeupe. Dawa ikiisha nguvu wekundu unarudi, mara nyingine zaidi ya mwanzo, na hayalishi jicho hata kidogo. Badala yake omba machozi ya dukani, kama ya hipromelosi, kaboksimethili selulosi au sodiamu hayaluroneti, tone moja mara tatu au nne kwa siku. Ukihitaji zaidi ya mara nne, tafuta yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu, kwa maana kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, kikirudiwarudiwa kinaweza kuchubua jicho lilelile unalolitibu. Chupa ya kawaida ikifunguliwa, baada ya wiki nne itupe hata kama ina dawa.

Na nakusihi, mtu yeyote asikupe matone ya steroidi, yenye deksamethasoni, kwa kuwa "yalimsaidia jirani". Yanatuliza haraka, ndiyo, na ndiyo sababu watu huyapenda. Yakitumiwa kiholela yanapandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, inayoharibu neva ya kuonea, na mtoto wa jicho. Nimewaona watu waliopoteza uwezo wa kuona kwa njia hii, na inaniuma kila mara kwa sababu ingeweza kuzuiwa.

Piriton nayo inakausha. Inakausha pua, ndiyo maana unaipenda, na inakausha mdomo na macho kwa njia ileile. Usiache pua yako iteseke. Mwambie daktari kwamba unaitumia kila usiku, akuangalie kama ni mzio, akupe dawa ya kupuliza puani au nyingine isiyokausha sana. Na jiulize: macho yanakuchoma, au yanakuwasha mpaka unataka kuyafikicha? Kuwasha sana hutuelekeza kwenye mzio, na matibabu yake ni mengine.

Kuhusu mashine ya shilingi 4,500: nyingi ya hizo ni miwani mikubwa inayotetema, inayopasha joto na kubana. Joto peke yake si baya, ila kitambaa chako kinalitoa pia. Kubana mboni ya jicho ndiko ninakokuogopa, zaidi kwa mtu mwenye presha ya jicho, aliyefanyiwa upasuaji wa macho, au mwenye konea iliyochongoka. Muulize muuzaji mambo mawili: ni neva ipi inayoamshwa, na imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu kama kifaa cha tiba? Akishindwa kujibu, hizo 4,500 zitakulipia vizuri zaidi ukizianzia kwenye kupimwa.

Mwanao akiendelea kusoma atakutana na majina mengine, na ni haki yenu kuyajua. Mwaka 2020 FDA iliruhusu iTEAR100, inayotetemesha neva kwa nje, pembeni ya pua, sekunde 30 kila upande. Hiyo inatumia mtetemo, haitumii umeme kuchochea neva. Oktoba 2021 ikaidhinisha dawa ya kupuliza puani yenye vareniklini, iitwayo Tyrvaya, inayopita njia ileile ya neva kwa kutumia dawa. Wengi wanaoitumia hupiga chafya. Italia nako kuna Rexon-Eye, inayopitisha mkondo wa masafa ya juu kwenye kope zilizofumbwa, kliniki, chini ya uangalizi wa daktari. Ninaheshimu kazi hii yote. Njia ya pua hasa inamfaa mtu ambaye maji yake ni haba lakini tezi bado inaweza kuamshwa. Kwa mgonjwa wa Sjögren aliyefika mbali, ambaye kinga ya mwili imekwisha kuiharibu tezi, kuichochea neva huleta machache. Na kwa mtu ambaye maji anayo na mafuta hana, kama ninavyokushuku wewe, hayo maji ya ziada yatapita mashavuni pamoja na yale ya boda.

Usingoje wiki sita ukiona lolote kati ya haya: jicho moja tu linauma na kuwa jekundu, mwanga unakuchoma, uwezo wa kuona umepungua na haurudi ukipepesa, au kuna doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho. Nenda siku hiyohiyo, na usitie chochote cha kienyeji njiani. Kama mdomo nao ni mkavu kiasi kwamba ugali haushuki bila maji, na viungo vya vidole vinauma asubuhi, mwambie daktari, apime damu.

Ukishapimwa, niandikie namba mbili: milimita za karatasi na sekunde za rangi. Karatasi ikiwa nzuri na sekunde chache, tutaendelea na kope zako, na pengine tutaongeza dawa ya doksisaiklini kwa kipimo kidogo. Karatasi ikiwa chini ya 5, basi nitakuwa nimekushuku vibaya, na hapo tutazungumza juu ya vizibo vidogo vya kufunga mifereji ya machozi, matone ya saiklosporini, na kama mwanao anaweza kupata ile dawa ya kupuliza puani kwa cheti halali cha daktari.